Kinanda kilichokaa darini: je, kundi la zamani linaweza kurudi jukwaani?

Swali. Habari za kazi, mtaalamu. Kundi letu lilianza Mtama, mkoani Lindi, mwaka 1993: kinanda, ngoma mbili na waimbaji wawili. Tulipiga harusi na unyago Lindi mjini, Nachingwea, Masasi, mpaka Newala, tukasambaratika mwaka 2007. Nimebaki na kaseti 11, Yamaha PSR moja na Casio ndogo. Vyote vilikuwa darini. Mwimbaji mmoja ametangulia mbele ya haki. Mpwa wangu ana studio ya kompyuta, anasema tumeshachuja, labda turudie nyimbo zetu kwa biti ya singeli. Mimi nina miaka 61. Je, watu wa muziki wa kinanda wakishazeeka huwa wanarudi kweli, au tunajidanganya? Na tukirudi, tuanzie wapi?

Jibu. Shikamoo mzee wangu, na poleni kwa kuondokewa na mwenzenu.

Wanarudi, tena wengine wakiwa wamekuzidi umri. Ila ukiwachunguza mmoja mmoja, kilichowarudisha si wimbo mpya wala biti ya vijana. Ni rekodi ya zamani iliyosalimika, na sauti ya mashine fulani ambayo vijana wanaitafuta wasiipate. Ndiyo maana jibu langu linaanzia kwenye kaseti. Zishushe darini leo. Chini ya bati, joto la mchana linapinda plastiki, na unyevu wa miezi ya mvua unamalizia kazi. Kinanda kinaweza kungoja wiki mbili. Kaseti zisingoje.

Mfano ulio karibu zaidi na wako ni Hailu Mergia wa Ethiopia, mpiga kinanda wa Walias Band ya Addis Ababa. Mwaka 1981 bendi ilikwenda Marekani, yeye akabaki Washington. Mwaka 1985 alirekodi kaseti peke yake, akodiani ikiwa mbele, nyuma yake sintesaiza na mashine ya ngoma. Ikauzwa, ikasahaulika, naye akaendesha teksi miaka mingi. Mwaka 2013 lebo ndogo ya Marekani, Awesome Tapes From Africa, ikaitoa upya kaseti ile ile. Akaanza kuitwa kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani akiwa ameshavuka miaka 65, na mwaka 2018 akatoa albamu mpya. Angalia mfuatano wake: kwanza ya zamani, kisha jukwaa, mpya mwisho kabisa. Na kuna jambo ambalo wengi wanaosimulia habari zake hulipita haraka. Ndani ya teksi alikuwa na kinanda cha betri. Akiwa anangoja abiria, anakitoa anapiga. Miaka yote hiyo vidole havikulala.

Ata Kak wa Ghana ni somo la aina nyingine. Kaseti yake ya mwaka 1994 ilitolewa upya mwaka 2015 na lebo hiyo hiyo, lakini utepe mama, yaani rekodi ya asili, ulikuwa umeshaoza, ikabidi itumike nakala iliyonunuliwa mtaani, Cape Coast. Kama nakala ile nayo ingekaa darini, hadithi ingeishia pale. Si lazima hata mtu apande jukwaani: mkusanyiko wa nyimbo za William Onyeabor wa Nigeria ulipotoka mwaka 2013, waliozipiga kwenye matamasha walikuwa wanamuziki wengine, yeye akabaki kwake. Na wakubwa wao wote, Kraftwerk wa Düsseldorf, Ujerumani, walioanza mwaka 1970, albamu yao ya mwisho yenye nyimbo mpya ni ya mwaka 2003. Mwaka 2012 walipiga usiku nane kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York, kila usiku albamu moja ya zamani. Hakuna aliyedai kipya.

Lakini usikae kibarazani ukimngoja mtu wa lebo kutoka ng'ambo. Wanaopata bahati hiyo ni wachache. Soko lako lipo nyumbani, na lina hesabu yake. Binti aliyecheza kinanda chenu mwaka 1995 akiwa na miaka 20 sasa ana zaidi ya 50. Leo ndiye mama au nyanya wa mwali, ndiye anayekaa kwenye kikao cha unyago na kusema fedha hizi tumlete nani. Watu wamezoea kuita zilipendwa zile bendi za magitaa na matarumbeta za miaka ya 1960 hadi 1980. Muziki wa kinanda wa miaka ya 1990 nao umeshafika umri huo, ila kusini huku karibu hakuna anayeupiga tena kwa mashine zilezile. Hapo ndipo mlango wako ulipo.

Kwa sababu hiyo, shauri la mpwa wako la singeli nalikataa kwa sasa, ingawa nia yake ni njema. Singeli inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na wenyewe vijana wa Dar es Salaam wameijenga juu ya vipande vya taarab na mchiriku, yaani juu ya sauti ya Casio. Mkiifuata mtakuwa wa mia kwenye foleni. Mchiriku wenyewe ulipovuka mpaka, kwa albamu ya Jagwa Music, kundi la Dar es Salaam, iliyotolewa na lebo ya Brussels mwaka 2012, ulivuka na vinanda vyake vidogo na mikwaruzo yake. Toeni kwanza nyimbo kama zilivyo. Baadaye mpwa achukue vipande vyake atengeneze singeli, kwa ruhusa ya maandishi, na jina la kundi liwe kwenye wimbo.

Turudi kwenye kaseti. Kabla ya kuingiza hata moja kwenye mashine, ishike kwenye mwanga utazame kingo za utepe kupitia kidirisha. Utepe mzima umelala sawasawa, unang'aa kahawia au mweusi. Ukiona weupe kama unga wa muhogo kwenye kingo, hiyo ni kuvu, na kwa hali ya hewa yetu si ajabu. Usiipige. Kuvu itahamia kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, na kutoka hapo kwenye kila kaseti itakayofuata. Iweke peke yake ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya punje za kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, visipungue kumi, kwa siku 7 hadi 10. Usitumie mchele, una vumbi. Kuvu ikikauka hupuputika yenyewe: ipanguse kwa kitambaa laini ukiwa nje, pua umeziba. Kisha ipeleke kaseti mbele na nyuma mara moja kwenye redio mbovu usiyoijali, ndipo iingie kwenye mashine nzuri.

Kuna ugonjwa mwingine unaowadanganya wengi. Sauti iko mbali, inakuja na kupotea, mtu anasema utepe umekufa. Mara nyingi haujafa. Kilichoanguka ni kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe ukae kwenye hedi, maana gundi yake hukauka kwa joto. Fungua skrubu tano za ganda, toa magurudumu mawili pamoja na utepe wake bila kuushika kwa vidole, yalaze kwenye ganda la kaseti nyingine ya bei poa yenye skrubu, funga. Kama ganda lenu halina skrubu, limegandishwa kwa gundi, pasua mshono kwa kisu chembamba ukianzia upande wa mbali na utepe. Ni kazi ya robo saa. Kaseti za dakika 90 zitunze zaidi ya zile za 60, utepe wake ni mwembamba na hunyooka ukivutwa.

Mashine ya kupigia isiwe redio ya sokoni. Ulizia kwa mafundi Lindi, Masasi au Mtwara deki ya mezani yenye matundu mawili ya kutolea sauti kwa nyuma. Karibu zote utakazozipata zitahitaji belti mpya. Ya zamani huyeyuka ikawa kama lami, basi lami hiyo isafishwe yote kabla ya kuvalisha nyingine. Hedi isafishwe kwa pamba ya masikio na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe kisafishwe kwa maji na sabuni kidogo, kwa sababu spiriti hukausha mpira.

Halafu kuna skrubu ndogo pembeni mwa hedi, yenye springi. Hiyo ndiyo inayorudisha uhai. Kila mashine huinamisha hedi kivyake, na kaseti zenu bila shaka zilirekodiwa kwenye mashine tofauti miaka tofauti. Weka sehemu yenye matoazi ya kinanda, ile "tsi-tsi-tsi" ya juu, usikilize pande mbili za sauti zikiwa zimeunganishwa kuwa moja. Chukua bisibisi ya nyota, geuza skrubu taratibu, isizidi robo mzunguko kwenda wala kurudi. Kuna mahali matoazi yatafunguka ghafla kana kwamba mtu ameondoa blanketi kwenye spika. Acha hapo, rekodi. Kaseti inayofuata, anza upya. Fundi asiyefanya hivi atakupa rekodi zenye sauti nzito kisha akwambie ndivyo zilivyokuwa.

Kuingiza kwenye kompyuta kunataka kadi ya sauti ya nje, ya USB, yenye njia mbili. Tundu la maikrofoni la laptopu lina njia moja tu na limetengenezwa kwa sauti ndogo, litapasua kila kitu. Programu ya Audacity inatosha, na ni ya bure. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, faili la WAV, sauti kubwa kabisa isivuke desibeli 6 chini ya mwisho wa kipimo. Hapo dakika moja hula takriban MB 17, kaseti ya dakika 60 ni kama GB 1, na hata zote 11 zikiwa za dakika 90 hazizidi GB 18. Flashi mbili za GB 32 zinatosha: moja ikae kwako, nyingine nyumba nyingine kabisa. Msirekodi kwa MP3. MP3 hutengenezwa mwishoni kwa ajili ya kutumiana kwenye simu, na ilichotupa hakirudi.

Kasi nayo ni jambo. Kaseti inatakiwa kwenda sentimeta 4.76 kwa sekunde, lakini redio yenye mota iliyochoka huenda kivyake, na kosa la asilimia 6 linatosha kuhamisha wimbo nusu sauti nzima. Bahati nzuri nyinyi mlipiga kinanda cha kidijitali, na kinanda hicho hakibadiliki tuni kama gitaa, isipokuwa mtu aliigusa kwa makusudi. Basi tafuteni kwenye rekodi noti ya La (A), ile iliyo juu ya Do ya katikati, iliyopigwa peke yake. Inatakiwa iwe 440 Hz. Tuseme programu inakuonyesha 452. Rekodi imekwenda mbio, na marekebisho si asilimia 2.73 kama wengi wanavyokokotoa, ni kupunguza asilimia 2.65, kwa sababu unagawa 440 kwa 452. Tumia amri inayobadilisha kasi pamoja na sauti, si ile ya sauti peke yake, ili mdundo nao urudi kwenye mwendo wake. Lakini tahadhari: kama nakala zilizouzwa sokoni zilikuwa zimekimbizwa, watu wameupenda wimbo ukiwa hivyo. Wekeni matoleo yote mawili, mjaribu kwa wasikilizaji wa zamani kabla ya kuamua.

Mkwaruzo wa utepe upunguzwe kidogo tu, desibeli 6 inatosha. Mpwa wako atajaribiwa kuufuta wote. Akiufuta, matoazi yataanza kulia kama maji ndani ya chupa na sauti ya marehemu itakuwa ya roboti. Rekodi ghafi isiyoguswa ibaki pembeni daima. Na ulizia kaseti zenu kwa watu: madereva wa zamani wa mabasi, wenye maduka ya kaseti waliofunga, makungwi na masomo wa unyago waliokualikeni. Huenda nakala ya mtu wa Nachingwea aliyoipiga mara tatu tu maishani mwake ikawa bora kuliko hiyo yako iliyopigwa kila jioni. Kama mliwahi kurekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, utepe huo ulizie TBC, shirika la utangazaji la taifa.

Kabla ya wimbo hata mmoja kutoka nje ya nyumba, kaeni kikao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo fungu la marehemu lipo na ni la warithi wake. Andikeni kwa kila wimbo nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipiga, na kila mmoja ana asilimia ngapi, jumla ifike 100. Wazima watie saini, warithi watie saini, mashahidi wawili. Kama kuna msambazaji wa Kariakoo aliyegharamia kurekodi au aliyenunua kaseti mama, tafuteni karatasi mliyosainiana, maana anaweza kuwa na haki kwenye rekodi hata kama hana haki kwenye utunzi. Kisha sajilini nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kundi lenyewe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu anajua fomu. Makundi mengi ya zamani huvunjikia hapa. Wimbo ukianza kuingiza hata elfu kumi, ndipo inajulikana nani alijiona ndiye mwenye kundi.

Sasa kinanda, na hapa nataka twende polepole kwa sababu ndipo watu huua mashine iliyokuwa nzima.

Usikichomeke kwa adapta yoyote iliyo karibu. Yamaha PSR nyingi zinataka volti 12 huku chanya ikiwa katikati ya jeki. Casio nyingi ndogo za zamani zinataka volti 9 huku hasi ndiyo ikiwa katikati. Jeki zinaweza kufanana kwa umbo, zikaingiliana bila shida, na ukizibadilisha unachoma bodi kwa sekunde moja. Tazama mchoro mdogo uliochapishwa karibu na tundu: duara lenye nukta katikati, na alama za kujumlisha na kutoa. Pima adapta kwa mita ya umeme kabla. Na kama kulikuwa na betri ndani, fungua mlango wake kwanza. Betri zilizoachwa miaka yote hiyo zitakuwa zimevuja, na ule unga wa kijani au mweupe kwenye springi husuguliwa kwa mswaki uliolowa siki kidogo, kisha spiriti, kisha unaachwa ukauke siku nzima.

Kikiwaka, piga kila kitufe mara tatu: pole, kawaida, kwa nguvu. Vitufe visivyolia kabisa na vitufe vinavyopiga kelele hata ukivigusa pole vina tatizo lile lile. Chini ya kila kitufe cha kinanda kinachohisi nguvu ya kidole kuna viguso viwili vya mpira vyenye kaboni, kimoja hugusa kabla ya kingine. Mashine hupima muda kati yao, muda ukiwa mfupi inaamini umepiga kwa nguvu. Kimoja kikipata uchafu, hesabu inaharibika. Fungua chini, skrubu zaweza kufika ishirini na hazilingani urefu, basi zichomeke kwenye kadibodi kwa mpangilio wa mahali zilipotoka. Nyanyua utepe wa mpira, pangusa vidoa vyeusi vya mpirani kwa pamba kavu na njia za bodini kwa spiriti. Usikwangue wala usitumie sandpepa, kaboni ni tabaka jembamba, ikitoka imetoka.

Chumvi ya hewa ya pwani hupenda matundu. Tundu la spika na la kutolea sauti likikwaruza, ingiza na kutoa jeki iliyolowa spiriti mara 20. Mara nyingi hiyo inatosha, isipotosha fundi alibadilishe, ni kipuri rahisi. PSR yako ikiwa ni ya diski, zile za mraba za inchi 3.5, usiingize diski yoyote kabla ya kusogeza kile kilango chake na kuona kama sahani ya ndani ina madoa. Diski moja yenye kuvu inaharibu kichwa kinachosoma.

Baada ya hapo chukua daftari. Vinanda havikuwa na kitufe cha sindimba, kila kundi lilichukua mdundo uliomo, likaukimbiza au kuukokota, likaongezea ngoma ya mkono juu yake. Siri yenu imo kwenye namba. Pigeni kaseti, mtafute kwenye kinanda, kisha mwandike kwa kila wimbo: namba ya mdundo, kasi, namba ya sauti ya mkono wa kulia, na ufunguo umepandishwa au kushushwa ngapi. Mfano: mdundo 43, kasi 168, sauti 18, ufunguo chini 2. Namba hizo ni za modeli yako peke yake; PSR nyingine itakupa mdundo mwingine kwa namba ile ile, hivyo kama mtatafuta kinanda cha akiba kiwe modeli hiyo hiyo. Asiwadharau mtu kwa kutumia mdundo wa kiwandani. Mwaka 1985 huko Jamaika, mwimbaji Wayne Smith na prodyuza King Jammy walichukua mdundo uliokuwa umeshatiwa ndani ya Casio MT-40, wakaupunguza kasi, na reggae ikageuka kuwa ya kidijitali. Aliyeutengeneza kule kiwandani, Hiroko Okuda, wakati ule hakujua.

Sauti yenu ya zamani ilipitia pia spika za honi, zile za mdomo wa tarumbeta kama za misikitini. Ukipeleka Casio hiyo hiyo kwenye spika kubwa safi za leo itasikika kama kichezeo cha mtoto, kwa sababu honi ilikata besi na kuchoma sauti za kati. Msiache kabisa honi. Kinanda kipite njia mbili: moja iende kwenye mikisa moja kwa moja, nyingine kwenye amplifaya ya honi, na mbele ya honi, kama shubiri mbili hivi, wekeni maikrofoni inayorudi kwenye mikisa. Anzeni na theluthi moja ya honi, mpandishe kwa masikio.

Mwimbaji aliyebaki hana tena sauti ya mwaka 1995, na hilo si aibu. Kinanda kina kitufe cha kuhamisha ufunguo; shusheni nusu sauti mbili au tatu, na vidole vyako vitabaki palepale vilipozoea. Kwa sehemu za marehemu, The Prodigy wa Uingereza wana la kufundisha. Keith Flint alifariki mwaka 2019, wenzake wakarudi jukwaani mwaka 2022, nafasi yake hawakuijaza kwa mwimbaji mwingine. Siku hizi programu ya bure kama Demucs inaweza kutenganisha sauti ya mtu na vyombo kwenye rekodi ya kaseti. Si safi, itabaki na mabaki ya ngoma, lakini ukiipiga chini ya kinanda halisi mabaki hayo humezwa. Fanyeni hivyo kwa wimbo mmoja tu kwa usiku, warithi wakiwa wamekubali. Nyimbo zake nyingine watu wataziimba wenyewe.

Mazoezi: wiki 8, mara mbili kwa wiki, nyimbo 8 tu. Zamani mlipiga mpaka alfajiri, sasa lengeni dakika 45 zilizonyooka. Vidole vya miaka 61 vikae kwenye kinanda robo saa kila siku, hata bila umeme, kuliko saa tatu siku ya Jumamosi.

Tarehe ya kurudi msiipange kwa hisia. Kusini mvua ni kama Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, barabara za vijijini na ngoma za uwanjani hazipatani nayo. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Unyago na harusi hushamiri baada ya mavuno, kuanzia katikati ya mwaka, na fedha yenyewe huingia minada ya korosho ikianza Oktoba na AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zikalipa. Kwa hiyo onyesho la kwanza dogo liwe Agosti, kwenu Mtama, si Dar es Salaam, mbele ya watu wanaowajua. Mtakosea, na watawasamehe. Lile la kulipwa sawasawa lingoje Oktoba na Novemba mapema, Masasi, Newala, Tandahimba. Kibali cha halmashauri na taarifa ya polisi viombwe mapema. Tamasha kama Sauti za Busara la Zanzibar, ambalo linasisitiza muziki wa kupigwa laivu, lije mwaka wa pili, mkishakuwa na video yenye sauti nzuri ya dakika kumi.

Kuhusu mtandaoni sina mengi. Wekeni nyimbo Boomplay, Spotify na YouTube kupitia msambazaji mmoja wa kidijitali, mkiwa na karatasi yenu ya asilimia mkononi. Msitegemee kipato: Spotify hailipi wimbo usiofikisha visikilizo 1,000 ndani ya miezi 12, na YouTube, kwa chaneli ya video za kawaida, inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla ya kufungua malipo ya matangazo. Kazi ya mtandao kwenu ni namba ya simu chini ya video, ili kamati ya harusi ya Ruangwa iwapate. Lebo ya nje ikija, wapeni leseni ya miaka 5 au 7, msiuze rekodi. Nusu kwa nusu baada ya gharama ni mgawo wa kawaida kwa lebo ndogo, na gharama zenyewe ziorodheshwe.

Mpwa wako mpe kazi mbili usiku wa onyesho. Ya kwanza ni kukaa kushoto kwako na lile daftari, akutajie namba za wimbo unaofuata kabla makofi hayajaisha. Ya pili ni umeme. PSR nyingi za daraja la chini na la kati hukubali betri sita kubwa za tochi. Kama yako ina mlango huo, kinanda kiende kwa betri hizo tangu mwanzo wa onyesho, bila kuchomekwa ukutani. Amplifaya ya honi iwe ile yenye vituo vya volti 12, na chini ya meza kuwe na betri ya gari ya Ah 70 iliyochajiwa. Betri hiyo ina wati-saa (Wh) 840 kwa jumla. Ukiitumia nusu tu ili isife, na amplifaya ikila wati 60, una saa 7. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, spika kubwa zitanyamaza, lakini kinanda, honi na ngoma mbili zitaendelea kama mwaka 1993.